Virginie na Basi la Wavu

Siku basi la masere lilipoingia mtaa wa Katuba kwa mara ya kwanza, akina mama waliwaita watoto wao ndani wakafunga milango. Ilikuwa asubuhi, mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1954, vumbi jekundu limelala juu ya mabati ya kila nyumba. Basi lilikuwa refu, la kijivu, na madirisha yake yote yalikuwa yamewambwa wavu wa chuma kwa nje. Lilisimama karibu na bomba la maji, mlango wazi, injini ikinguruma. Hakuna mtoto aliyepanda. Shofere alikaa na mikono juu ya usukani, akitazama mbele. Mwishowe akavuta mkono wa chuma uliokuwa pembeni yake, mlango ukajifunga kwa kishindo, basi likaondoka tupu kama lilivyokuja.

"Unaona ule wavu?" jirani alimwambia Virginie. Walikuwa wakichungulia pamoja dirishani. "Iko wa nini, kama si kukataza bantu batoke?"

Virginie alijua jirani anamaanisha nini. Miaka ile, mjini Élisabethville, hapakuwa na mtu asiyezijua habari za batumbula. Ilisemekana kwamba walizunguka na magari yaliyofungwa, wakikamata watu na kuwapeleka mahali pasipojulikana, wakawanenepesha kama nguruwe. Hakuna aliyewahi kuwaona. Lakini kila mtu alimjua mtu aliyekuwa na ndugu aliyetoka kununua mkaa na hakurudi.

Na sasa gari lenye wavu lilikuwa limekuja kuchukua watoto.

Masere, yaani watawa wa kizungu waliokuwa na shule ng'ambo ya barabara kuu, walilileta kwa nia njema. Watoto wa Katuba walikwenda masomo kwa miguu, mwendo mrefu, wakifuata ukingo wa barabara ambako malori yalipita usiku na mchana. Wakati wa kiangazi kila lori liliacha nyuma yake wingu la vumbi, na lori lililofuata liliingia ndani ya wingu lile bila kuona kitu. Katika wingu kama hilo alifia Clovis, mtoto wa Adalbert, fundi cherehani. Mwenye lori hakusimama. Labda hakujua. Adalbert aliokota viatu vya mwanawe mbali kabisa na mahali mwili ulipolala, na tangu siku hiyo hakushona tena nguo za watoto. Aliyemletea kitambaa cha mtoto alimrudishia papo hapo.

Basi lilipokwenda na kurudi tupu kwa wiki nzima, mkubwa wa masere, Masere Jeanne, alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye uso mwekundu, na Kiswahili chake alikuwa amekipatia kaskazini, kwa Waluba. Aliwakusanya akina mama kwenye kiwanja cha kanisa.

"Mnaogopa nini?" aliuliza.

Walitazama chini. Mwishowe akasimama Agnès, mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mmoja tu, Edith, ambaye hata umri wa shule alikuwa bado.

"Masere, siye hatukatae gari. Lakini mule ndani hamuna muntu wetu. Mutie mama mumoja wa hapa. Akae na batoto. Kama banabeba batoto, babebe naye."

Wanawake wakaitikia kwa pamoja. Masere Jeanne alikubali papo hapo, akawaambia wachague. Hawakukawia. Walimchagua Virginie.

Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili. Mumewe alimtoa upande wa Kongolo akaja naye kufanya kazi ya reli, akafa kwa kifua. Mtoto wake wa kwanza alizikwa kabla hajajua kutembea, wa pili aliolewa Jadotville. Alikula kwa kuwapikia bukari, yaani ugali, vijana wa kazi waliokuwa hawajaoa. Walipokuwa wakitoka kiwanjani alimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Virginie anafaa. Hata bakimubeba, nani atalia?"

Alikwenda nalo hilo neno nyumbani. Hakulitupa, wala hakumwambia mtu kwamba amelisikia.

Shofere alikuwa anaitwa Symphorien, mtu wa Kasai, mrefu na mkimya, aliyewahi kuendesha malori ya mbao kabla ya kuja kwa masere. Alikaa peke yake katika chumba cha kupanga katika mtaa wa Kenia, humo humo mjini. Siku ya kwanza alimpokea Virginie mlangoni mwa basi, akavua kofia.

"Mama," alisema, "batoto bakiwa ndani, hakuna hatari mingi. Hatari iko chini, karibu na magurudumu. Miye pale sione. Ukiwa chini, simama mbele, pale minaweza kukuona. Kama sikuoni, sitembeze gari."

"Na ule wavu?"

"Batoto banatoshaka vichwa inje. Kule kwenye mbao, minaona kichwa ya muntu kinagonga muti." Akavaa kofia yake. "Wavu iko ya ile."

Virginie alifunga kitambaa cha njano kichwani ili aonekane hata kwenye vumbi. Kila kituo alikuwa wa kwanza kushuka. Alisimama mbele ya pua ya basi, mkono mmoja juu, na mtoto yeyote aliyetaka kuvuka barabara alipita mbele yake, mbali na bampa, kamwe si nyuma. Penseli ikianguka chini ya gari, iliachwa hapohapo. Alimwambia hivyo kila mtoto, akawaambia na mama zao, akapiga kelele mpaka koo likakauka. Symphorien naye hakuligusa gari mpaka ule mkono ushuke. Hawakuwa wakiongea sana. Yeye alimwita "mama", mwanamke akamwita "shofere", na baada ya miezi kadhaa kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini kwa kutazama bega lake tu.

Watoto wakaongezeka. Mvua zikaja, zikaisha, hakuna aliyeumia. Ungedhani hofu ingelala.

Haikulala. Kila mchana kulikuwa na wanaume waliosimama karibu na bomba, mikono mifukoni, wakitazama basi linavyopita. Hawakusalimia. Watoto wengine walipanda wakiwa wamefungwa uzi mweusi wa kinga kiunoni, na Virginie, aliyekuwa akiwashika wakipanda ngazi, aliusikia ule uzi chini ya vidole na kujifanya hajui. Asubuhi moja Symphorien alilikuta basi limechorwa ubavuni kwa mkaa. Ilikuwa picha ya nguruwe mnene, amevaa kaptula ya shule. Aliifuta kwa tambara na mafuta ya taa. Lakini kuanzia siku hiyo, kila aliporudisha gari uani kwa masere, alifunga vioo vyote, akafunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo akaenda nao nyumbani.

Mwaka uliofuata Edith naye alianza masomo. Alikuwa mtoto mdogo wa mwili, wa maneno machache, na alisinzia ovyo kwa sababu Agnès alikuwa amejifungua tena na kichanga kililia kutwa kucha. Alipenda benchi la nyuma kabisa. Mara mbili tatu Virginie alimtoa chini ya benchi hilo, pale bati la sakafu lilipokuwa na ubaridi, akamkalisha vizuri. "Huku si kitanda, mwanangu," alimwambia. Edith alicheka, usingizi ungali machoni.

Mwezi wa kumi ukafika, na joto lake. Nyasi zilikuwa zimeungua pande zote, moshi wa mashamba ukachanganyika na moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba, jua likawa jekundu tangu asubuhi. Mvua ilisubiriwa, haikuja. Ikaja habari badala yake: mwanamume mmoja alikuwa amekwenda kuoga mto Kafubu na hajaonekana tena. Zikapatikana nguo zake tu. Siku chache baadaye wakasema ni watu wawili. Halafu wakasema kwamba jioni ile gari la kijivu lilionekana likipita kule polepole, taa zimezimwa.

"Gari ya kijivu," Adalbert alirudia, amekaa mbele ya cherehani yake. Virginie alikuwa amemletea kikwembe, nguo yake ya kujifunga, ashone ukingo. "Mama Virginie, ile shofere wako, jioni anaendaka wapi?"

"Anaendaka kwake kulala."

"Unajua namna gani?"

Virginie alikunja kikwembe mara mbili, akakiweka juu ya meza ya cherehani. Adalbert alimtazama kidogo, akarudi kwenye sindano yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto kuliko zote. Shule ilifungwa mchana kama kawaida, watoto wakapanda wamelegea, mashati yamegandana na migongo. Njia nzima hakuna aliyeimba. Basi lilipokaribia bomba, kituo cha mwisho, Virginie aliona kwamba wale wanaume leo ni wengi, na kwamba hawakuwa wameweka mikono mifukoni. Alishuka akasimama mahali pake, mkono juu. Watoto wakaanza kutoka.

Jiwe la kwanza liligonga wavu, likalia kama kengele. La pili lilipita juu ya paa.

"Kimbieni!" Virginie aliwapigia watoto. "Kimbieni kwenu! Musipite nyuma!" Aliwasukuma wawili wawili, akamnyanyua mmoja aliyekuwa ameanguka, akageuka kuwatukana wale wanaume, na wakati anageuka watoto wote walikuwa wameshatawanyika kama kuku. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu kwenye ngazi. Akashusha mkono.

"Nenda!" alimwambia Symphorien. "Nenda, shofere, basikupate!"

Mlango ukajifunga. Basi likaondoka na vumbi lake.

Virginie alikwenda nyumbani, akanywa maji, akakaa kwenye kigoda kivulini. Alijiambia kwamba watoto wote wako salama. Hata jiwe moja halikumpata mtoto.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Agnès alipokuja, kichanga mgongoni. Alikuja akitembea, hakukimbia. Kila mchana Edith alipitia kwanza kwa bibi yake kula, kwa hiyo mama yake hakuwa na wasiwasi mpaka bibi alipomwuliza mbona mtoto leo hakuja.

"Mama Virginie, Edith iko wapi?"

"Alishuka," Virginie alisema mara moja. "Alishuka na benzake. Miye mwenyewe nilimushika mukono."

Na alimwona kabisa, ndani ya kichwa chake: kimkono chembamba, chenye jasho, kikiteleza kutoka mkononi mwake. Aliona na viatu.

Walitafuta kwa bibi, walitafuta kisimani, walitafuta kwa kila mwenzake wa darasa. Hakuna mtoto aliyekumbuka kushuka naye. Kufikia hapo mtaa wote ulikuwa nje. Watu walikuwa wakijiunga mmoja mmoja, kama vile wameitwa zamani na walikuwa wakisubiri saa tu. Adalbert alitoka dukani mwake ameshika kipimo cha mbao cha kupimia nguo.

"Tuende Kenia," alisema.

Walikwenda. Virginie alichukuliwa katikati yao, na Agnès pembeni yake akitembea macho makavu, kichanga kimelala mgongoni kama hakuna kinachotokea. Symphorien alikuwa mbele ya chumba chake, amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, akipiga pasi shati. Aliwaona wanakuja. Aliweka pasi chini polepole, akasimama.

"Mutoto iko wapi?" Adalbert aliuliza.

"Mutoto gani?"

Jibu hilo lilitosha. Kipimo kilimpata usoni, halafu wengine wakafika. Hawakumpiga kwa hasira ya kelele. Walimpiga kama watu wanaofanya kazi. Symphorien alianguka, akainuka kwa magoti, damu ikitoka juu ya jicho, na kati ya miguu ya watu akakiona kile kitambaa cha njano.

"Mama!" aliita. "Mama, waambie! Ile mutoto alishuka?"

Adalbert aliinua mkono, wakaacha. Wote wakamgeukia Virginie.

"Sema," Adalbert alisema. "Ulimuona anashuka?"

Virginie alitafuta tena ule mkono mdogo ndani ya kichwa chake. Ulikuwapo. Lakini safari hii aliutazama vizuri, akaona kwamba ulikuwa mkono wa jana. Ulikuwa wa juzi. Ulikuwa wa kila siku aliyowahi kumshusha Edith, na ndani ya siku zote hizo, ya leo hakuiona. Ya leo ilikuwa na mawe tu na migongo ya watoto.

Alijua kwamba akisema ndiyo, watamwua mtu huyu, kwa sababu wataamini kwamba shofere alimrudia mtoto baada ya kushuka, akamchukua. Alijua pia kwamba akisema jambo lingine, watamgeukia yeye. Alimtazama Agnès.

"Sijue," alisema.

"Unasema nini?"

"Sijue kama alishuka. Nilisema alishuka kwa sababu kila siku anashukaka. Leo sikumuona." Sauti yake kubwa ilikuwa imebaki kidogo kama ya mgonjwa. "Adalbert, hatukuangalia ndani ya basi."

Symphorien alikuwa wa kwanza kuelewa. Alitia mkono mfukoni, na watu wakashtuka wakidhani anatoa kisu. Alitoa ufunguo.

Walikimbia njia nzima, yeye mbele, akiyumba, jicho moja limekwisha kufumba. Uani kwa masere basi lilikuwa limeegeshwa nyuma ya karakana ya maseremala, ambako misumeno ilikuwa imenguruma tangu mchana na ndiyo kwanza imenyamaza. Jua lilikuwa limelipiga kwa saa zote hizo. Virginie aliweka kiganja juu ya bati, akakiondoa upesi.

Kwenye kioo cha nyuma, kwa ndani, vumbi lilikuwa limefutwafutwa. Palikuwa na alama za vidole vidogo, nyingi, zingine juu ya zingine, zikishuka. Za chini kabisa zilikuwa mistari tu.

Agnès aliziona. Ndipo alipopiga ukelele.

Symphorien alifungua mlango na hewa iliyotoka ilimpiga Virginie usoni kama ya tanuri. Aliingia yeye, hakumngoja mtu. Edith alikuwa chini ya benchi la nyuma, shavu lake limegandamana na sakafu, midomo imepasuka, ngozi kavu na ya moto, haina jasho hata tone. Virginie alimvuta, akamweka kifuani, akasikiliza. Kwa muda aliosikiliza hakusikia kitu ila moyo wake mwenyewe. Halafu kikatoka ndani ya mtoto kisauti chembamba kama cha mlango unaofunguliwa.

"Anapumua," alisema. "Lete maji! Anapumua!"

Alimlowesha kwa kitambaa chake cha kichwa. Masere Jeanne alikuja mbio kutoka kanisani, akamtazama mtoto, akamtazama shofere na damu yake, akasema neno moja tu: "Hospitali." Symphorien alikwisha kaa kwenye usukani. Agnès akapanda. Adalbert akapanda, kipimo chake kingali mkononi. Wakapanda wote, wanaume wa bombani na wanawake waliokuwa wameapa hawatakanyaga gari lile, wakakaa juu ya mabenchi mafupi ya watoto, magoti yamegusa videvu, nyuma ya wavu. Vioo vyote vilikuwa wazi. Symphorien aliendesha akigeuza kichwa kizima ili aone kwa jicho moja, na kila mara alipofika njiapanda alisimama kabisa, akatazama pande zote mbili, ndipo akaendelea. Hakuna aliyethubutu kumwambia aharakishe.

Edith alipona. Alikaa hospitali mpaka mvua ya kwanza iliponyesha. Alirudi akiwa mwembamba, na tangu hapo hakuweza kulala chumba kikifungwa mlango. Baba yake aliishia kung'oa mlango akaweka pazia.

Polisi walikuja kuuliza habari za kipigo. Symphorien aliwaambia kwamba alianguka kwenye lango. Watu wa Katuba waliposikia hivyo hawakufurahi. Walianza kumwogopa kwa namna mpya. Jicho lake halikurudi sawasawa, na shofere wa jicho moja hawezi kupewa watoto. Alifungasha vitu vyake arudi Kasai. Virginie alikwenda kumwona akiwa amebeba kuku.

"Shofere, minakuja kukuomba musamaha," alisema mlangoni.

Alimkaribisha, akampa kigoda. Kuku alipokelewa, akafungwa kwenye mguu wa meza.

"Siku ile," Symphorien alisema, "ulikawia kujibu, mama."

"Nilikuwa natafuta."

"Najua. Miye niliona unatafuta." Aligusa ngozi iliyovimba chini ya jicho. "Hata miye sikugeuka. Nilifunga ule mulango, nikavuta ufunguo, sikuangalia nyuma hata mara moja. Niliogopa majiwe."

Hakusema kwamba amemsamehe. Alimsindikiza mpaka barabarani, akavua kofia, akarudi ndani. Hawakuonana tena.

Masere Jeanne aliwaita mafundi, wakakata mlango mpya nyuma ya basi, wakautia komeo kwa ndani, chini kabisa, mahali mtoto mdogo angefika. Watoto wote walifundishwa kulifungua, hata gizani, macho yamefungwa kwa kitambaa. Na Virginie alipewa shofere mpya, kijana wa mjini aliyeitwa Rigobert, mwenye haraka. Siku ya kwanza tu walikorofishana. Watoto walipokwisha kushuka, Virginie alipanda tena, akaanza kutoka mbele kwenda nyuma, akiinama na kupitisha mkono chini ya kila benchi.

"Mama, hamuna muntu," Rigobert alisema. "Si naona kwa kioo?"

"Funguo," Virginie alisema, akanyoosha mkono wake mwingine. Hakumrudishia mpaka alipofika nyuma na kurudi. Ikawa hivyo kila siku, asubuhi na mchana, na Rigobert akazoea.

Lakini Agnès hakumrudisha mtoto wake ndani ya basi.

Edith alirudi masomoni kwa miguu. Kila asubuhi Virginie alimwona kupitia wavu, sare yake nyeupe kwenye ukingo wa barabara, kijitu kidogo chenye mfuko, na malori yakimpita karibu kiasi cha kupeperusha gauni. Mvua ilikuwa imeanza. Matope yaliwafanya watoto wa miguu watembee katikati ya njia. Virginie alikwenda kwa Agnès, akapiga magoti. Agnès aliendelea kutwanga.

"Barabara inaua mara moja," Agnès alisema. "Mule ndani alinikufia muchana muzima."

Kesho yake, walipomfikia Edith barabarani, Virginie alimwambia Rigobert: "Punguza. Kaa nyuma yake."

"Tutachelewa!"

"Tuchelewe."

Rigobert alipunguza. Basi zima likatembea mwendo wa mtoto, likiwa limeziba upande ule wa barabara, na malori yakawa hayana budi kupita mbali, yakipiga honi, madereva wakitoa vichwa kutukana. Edith aligeuka mara moja, akaona pua ya kijivu nyuma yake, akaanza kukimbia. Virginie alimsikia analia. Akatoa mkono kwenye mlango, ule ule aliokuwa akiusimamisha juu kila kituo, akauacha uonekane. Mtoto alikimbia mpaka akachoka, halafu akatembea.

Wakafanya hivyo siku nyingi. Masere walilalamika kuhusu kuchelewa, Masere Jeanne akawaambia wanyamaze. Siku zingine mtoto alitembea mbele ya basi bila kugeuka. Siku zingine alisimama ghafla, nalo likasimama, wakabaki hivyo kwenye mvua, mtoto na gari, wakitazamana.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili mvua ilishuka nzito kiasi cha kutoona ukingo wa barabara. Lori lilitokea kwa mbele, katikati kabisa ya njia, taa zake mbili hafifu kama macho ya mgonjwa. Rigobert alipiga honi na breki. Lori liliyumba, likapita, likakwaruza ubavu wa basi kutoka mbele mpaka nyuma, na wavu ukalia na kupinda. Kisha likapotea. Watoto walipiga mayowe. Virginie aliruka chini kwenye matope, akapita mbele ya pua ya basi akiita.

Edith alikuwa amesimama mbele ya bampa, karibu kuigusa, amelowa, mikono ameibana kifuani. Alikuwa amerudi nyuma kulikimbilia basi alipoziona zile taa.

"Mulango usifungwe," alisema.

"Hautafungwa," Virginie alimjibu.

Alimpandisha. Rigobert aliuliza atafanyaje, kwa sababu gari haliendi na watoto mlango ukiwa wazi. Virginie alikaa chini, juu ya ngazi ya mlango, mgongo kwa watoto na miguu nje kwenye mvua, akashika chuma cha kushoto na chuma cha kulia. Alijaza nafasi yote. Mtoto wa kumpita hapo hakuwepo.

"Twende," alisema. "Polepole."

Alipanda hivyo mwaka ule wote na miaka iliyofuata, kiangazi na masika, mpaka Edith alipomaliza masomo. Vumbi lilimjaza kifua, akawa anakohoa kama mumewe alivyokohoa. Na kila walipoingia Katuba, wanaume wengine bado walikuwa wamesimama karibu na bomba, mikono mifukoni, wakilitazama lile gari la kijivu na yule mwanamke aliyekaa mlangoni. Alikuwa akiwasalimu mmoja mmoja, kwa majina. Adalbert peke yake ndiye aliyekuwa akiitikia.